Ungo wa Kikojozi

Watu huoneana wivu kwa mengi: nyumba, gari, mume, mtoto aliyefaulu mtihani. Lakini kuonea wivu kojo, tena kojo la miaka arobaini na tisa iliyopita, hilo nimelishuhudia kwa mtu mmoja tu, naye ni Mama Gyutae wa studio ya picha ya Baek, pale Sancheong, mkabala na kituo cha mabasi. Msimcheke bado. Ngojeni kwanza mjue alikotoka.

Jina lake la kuzaliwa ni Hunam, na ni jina la kumwombea mtu mwingine. Baba yake alipoambiwa kapata binti, alitoka nje akavuta sigara mbili, akarudi na jina hilo, maana yake anayefuata awe mwanamume. Miaka mitatu ikapita, aliyefuata akawa msichana tena. Huyo wa pili, kwa kuwa mzee alikuwa amekwishachoka kubishana na mbingu, alipewa jina zuri lisilomwombea mtu, Yeonok. Hunam mwenyewe anasema wivu wake ulianza siku hiyo hiyo, akiwa na miaka mitatu, na mimi namwamini.

Wazazi walikwenda Busan kwenye kiwanda cha viatu, mabinti wakaachwa kijijini Deoksan kwa bibi yao. Bibi alikuwa na hadithi nyingi kuliko matunda ya persimoni aliyokuwa akiyaanika barazani. Msimu wa kumenya ulipofika, alikaa na kisu chake, ganda likashuka refu bila kukatika, na mdomo nao haukukatika. Alisimulia simbamarara aliyekula mama wa watu njiani, kisha akajipaka unga viganjani ili watoto wadhani ni mikono ya mama, wafungue mlango. Alisimulia mbweha wa mikia tisa. Alisimulia pepo asiye na macho wala pua, uso mtupu kama yai. Yeonok alikuwa akisinzia hadithi ikifika katikati. Wakishalala ndipo anaanza kumsukasuka dada yake: "Dada, walifungua mlango? Dada, halafu?" Na Hunam, usingizi umemjaa, anamalizia yeye. Kwa hiyo miisho yote ya hadithi za bibi, Yeonok aliisikia kutoka kinywani mwa Hunam. Hili naomba mlishike, maana Hunam alilishika maisha yake yote.

Walilala godoro moja la sakafuni, blanketi moja. Upande wa jikoni, ambako moto unaopita chini ya sakafu hufika kwanza, ulikuwa wa Yeonok kwa vile ni mdogo. Upande wa ukutani, kwenye ubaridi, ulikuwa wa Hunam. Majira ya baridi Hunam alipokuwa na miaka tisa, bibi akafunua blanketi asubuhi moja akakuta kumelowa, na aliyelala juu ya maji ni Hunam.

Kwetu mtoto kikojozi alikuwa na dawa moja. Anavikwa ungo wa kupepetea nafaka kichwani, ukamshukia mabegani, anapewa kibuyu mkononi, anatumwa kwa jirani kuomba chumvi. Jirani akiona ungo unakuja anajua habari yote. Anachukua mwiko wa wali, anaupiga ule ungo pa, pa, anamgombeza mtoto, kisha anatia chumvi kidogo kibuyuni. Ndiyo dawa. Na aibu yake unaijua mwenyewe ukiwa na miaka tisa, huku wavulana wa darasa lako wanapita kwenda shule na mabegi yao.

Hunam alivikwa ungo asubuhi saba majira yale. Jirani alikuwa Bibi Jinju, mwanamke mwenye mkono mzito, aliyeitwa hivyo kwa kuwa aliolewa kutoka Jinju. Alimpiga mwiko mara saba na kumwambia maneno yale yale mara saba: "Mkubwa mzima, huoni haya?" Yeonok alikuwa akifuata nyuma hatua tano, kanyamaza, anatafuna kucha. Hunam alikuwa na hakika anamfuata ili amcheke kwa raha zake.

Basi. Alikua, akaolewa akiwa na miaka ishirini na miwili na mtoto wa mzee Baek mwenye studio, na habari ya ungo hakumwambia mtu. Mumewe hakuijua. Mwanawe Gyutae hakuijua. Mume ni mtu mwema, lakini ni mtu wa kucheza mchezo wa ubao wa mawe meusi na meupe na wazee wenzake kutwa nzima, kamera kwake ni mzigo. Kwa hiyo mzee Baek akamfundisha mkwe. Hunam alijifunza kusafisha filamu gizani, kupanga taa, kumwambia mkulima wa miaka sabini ashushe kidevu bila kumuudhi. Picha za kitambulisho, masikio yaonekane. Picha za wazee, zile wanazopiga wakiwa bado na nguvu ili siku ya msiba wawekwe mbele ya ubani wakiwa na sura njema. Hizo ndizo alizozijua kuliko mtu yeyote wilayani. Alikuwa akifuta baadhi ya mikunjo na kuacha mingine, maana ukifuta yote wajukuu hawamtambui wanayemlilia.

Yeonok alipofika miaka kumi na tisa alikuja kukaa naye pale studio miaka miwili. Kila alichokijua wakati ule alifundishwa na Hunam. Hata ule mpira mrefu wa kufyatulia kamera kutoka mbali, ambao mzee Baek alikuwa akiubana kiganjani ili naye awemo kwenye picha ya familia, ni Hunam aliyemwonyesha. "Ubane taratibu, usionekane kwamba unabana." Kisha Yeonok akaenda Seoul, akapiga harusi za watu miaka mingi, akaolewa, akaachika, na alipokaribia miaka hamsini akaanza kujipiga picha mwenyewe.

Akajipaka unga mikononi, akavaa kitambaa cha kichwa cha marehemu bibi, akajipiga anachungulia mlango wa karatasi: simbamarara. Akavaa makoti tisa ya manyoya ya mtumba, akaketi kwenye stuli ya jikoni: mbweha. Akajivika soksi ya kike usoni, uso ukawa yai, akajipiga ndani ya basi la kijijini kati ya mifuko ya vitunguu. Wakubwa wa Seoul wakapagawa. Magazeti yakaandika kwamba huyu mama ameyafufua masimulizi ya utoto wake.

Utoto wake. Hunam alilisoma neno hilo amesimama nyuma ya kaunta, akasonya mteja akasikia.

Tangu hapo hakukuwa na amani. Kila aliyekuja kupiga picha ya pasi alikuja na lake. "Mama Gyutae, nimemwona mdogo wako kwenye televisheni." "Mama Gyutae, lazima unajivunia." Muuza samaki wa sokoni, ambaye hana haya, akamwuliza waziwazi: "Sasa wewe mwenye studio, miaka thelathini na sita una kamera, mbona hukujipiga hata moja?"

"Na mimi nikijipiga, wewe atakupiga nani? Shusha kidevu," Hunam akamjibu.

Alijibu kwa utani, lakini roho ilimuuma siku nzima. Alimwonea wivu mdogo wake, na hakujidanganya nafsini mwake kwamba ni kitu kingine. Alionea wivu ule uso wa Yeonok usiojali kuzeeka mbele ya lenzi. Alionea wivu kitambaa cha bibi, ambacho alidhani kilizikwa naye. Alionea wivu miisho ya hadithi. Kijiba cha roho kilimkaa hata chakula kikawa hakina ladha, mumewe akaanza kula kimchi, kabichi yetu ya pilipili, kwa jirani zaidi kuliko nyumbani.

Halafu ikatoka ile picha ya ungo.

Gyutae ndiye aliyemwonyesha kwenye simu, kwa furaha kabisa, hajui chochote. Yeonok, miaka hamsini na tano, amesimama katika njia ya Deoksan alfajiri kuna barafu, amevaa nguo ya ndani ya sufi ya kitoto iliyombana, ungo kichwani, kibuyu mkononi. Miguu peku. Chini imeandikwa: Kikojozi. Msanii anajikumbuka utotoni. Na habari yenyewe ilikuwa kwamba picha hiyo imenunuliwa na wilaya, itatundikwa daima kwenye ukumbi wa utamaduni wa Sancheong, pale mlangoni, ili kila anayeingia aione.

Hunam aliketi. Gyutae akauliza kama amejisikia vibaya, akasema hapana, joto tu, na ilikuwa Oktoba, baridi imekwishaanza.

Hebu fikirini. Ile ilikuwa njia yake. Ungo wake, barafu yake chini ya nyayo zake. Alikuwa ameificha aibu ile miaka arobaini na tisa kama mtu anavyoficha kovu la paja, na sasa mdogo wake ameichukua, ameivaa, na kwake yeye imekuwa kitu cha kupigiwa makofi. Laiti angeiacha aibu ibaki aibu. Lakini imekuwa mali, na mali hiyo ni ya Yeonok.

Wiki ile ile Bibi Jinju aliletwa na mjukuu wake kupiga picha yake ya mwisho. Miaka tisini na moja, meno manne, akili nzima, au ndivyo Hunam alivyodhani. Alimkalisha, akamfunga vizuri utepe wa kifuani wa vazi lake, akarekebisha taa. Bibi akacheka peke yake.

"Nimeona picha ya mdogo wako," akasema. "Yule mtundu. Kumbe bado anakumbuka. Nilikuwa nampiga mwiko huyo."

Hunam aliacha taa. "Bibi, ulikuwa unampiga nani?"

"Yeonok. Kikojozi yule. Asubuhi nasikia miguu inaburuzika, najua chumvi yangu inakwenda."

"Bibi, nitazame usoni."

Bibi Jinju akamtazama sana, kwa macho yake yenye maji. "Wewe Hunam ulikuwa mtoto mtulivu, mwanangu. Hukuwahi kunisumbua hata siku moja."

Mkono ule ule uliompiga mara saba umemsahau. Hunam alikuwa na neno kwenye ncha ya ulimi. Lakini mjukuu alikuwa amekaa pale kwenye kiti, na kwenye kaunta kulikuwa na mama mmoja anasubiri picha za kitambulisho, na kusema pale ni kujimwagia kojo upya mbele ya watu. Akainua kamera. "Shusha kidevu kidogo, Bibi," akasema, na picha ilitoka nzuri.

Jioni akampigia Yeonok simu. Hawakuwa wakipigiana ila siku za matambiko na sikukuu.

"Yule kwenye picha si wewe," Hunam akasema, hata salamu hakuna.

"Dada. Umeiona."

"Nimeiona. Nchi nzima imeiona. Ungo ule nilivaa mimi. Ulikuwa unanifuata nyuma unatafuna kucha. Ulichukua simbamarara nikanyamaza. Ukachukua mbweha nikanyamaza, nikasema haya, hadithi ni za bibi yetu sote. Hili si la bibi. Hili ni langu."

"Najua ulivaa wewe."

"Sasa kama unajua?"

Yeonok alivuta pumzi ikasikika. "Njoo siku ya ufunguzi, Dada. Tutaongea hapo. Kwa simu siwezi."

"Mimi sihitaji kualikwa. Wilaya imenikodi kupiga picha za sherehe yako," Hunam akasema, akakata simu. Akamgeukia mumewe aliyekuwa anapanga mawe yake kwenye ubao. "Eti tutaongea hapo. Ananipangia kikao kama mkuu wa wilaya."

"Mnaongea juu ya nini?" mumewe akauliza.

"Endelea na mawe yako, Baba Gyutae."

Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Jambo lenyewe lilikuwa moja tu na halikuwa na njia ya katikati. Picha ikishatundikwa na maandishi yale chini yake, basi, imekwisha. Wajukuu wa wajukuu watasoma kwamba mtoto wa njia ya Deoksan alikuwa Yeonok. Akitaka irudi kwake, inabidi asimame mbele ya watu wote aliowapiga picha, mkuu wa shule, mkwe wake mke wa Gyutae, wake wa wenye maduka, aseme: kikojozi ni mimi. Alijikaza kisabuni akaona ataweza. Kesho yake akaona hataweza. Alifika siku ya sherehe akiwa hajui atafanya lipi.

Ukumbi ulijaa. Mezani keki za mchele, persimoni zilizokaushwa, pombe ya mchele kwa wazee. Hunam alipita na kamera yake kifuani, amevaa suruali nyeusi ya kazi, akipiga huyu akipiga yule. Yeonok alikuwa na nywele nyeupe zilizokatwa fupi, hajapaka rangi hata mdomoni, na bado kila mtu alikuwa akimtazama yeye. Walipokutana, Yeonok alimshika mkono, Hunam akautoa kwa kisingizio cha kubadili lenzi.

Afisa wa utamaduni, Bwana Seok, akashika kipaza sauti. Akashukuru, akashukuru tena, akavuta kitambaa. Picha ikatokea, ndefu kama mtu. Ukumbi ukaguna kwa furaha, wazee wakaanza kucheka na kupigana viwiko, maana hakuna wa umri ule asiyemjua mtoto wa ungo.

"Maandishi haya," akasema Bwana Seok, "kuanzia leo yatabaki hapa: Msanii anajikumbuka utotoni."

"Hapana," Hunam akasema.

Alishangaa kusikia sauti yake. Watu wakageuka. Alikuwa amesimama katikati na kamera kifuani, kama mtu aliyekuja kufanya kazi.

"Mtoto yule si yeye. Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa kikojozi, nilivaa ungo mara saba, nikapigwa mwiko mara saba. Sijawahi kumwambia mtu. Mume wangu yule pale hajui. Lakini kama inatundikwa, basi mjue ni ya nani."

Mkwe wake alikuwa ameshika keki ya mchele hewani. Kisha kutoka kiti cha mbele, Bibi Jinju, aliyewekwa pale kama mgeni wa heshima, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hunam, mwanangu," akasema kwa sauti ya viziwi, ukumbi mzima ukasikia. "Mpaka kojo unamwonea wivu?"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ni watu wa kwao, lakini walicheka mpaka wengine wakajifuta macho. Muuza samaki alijishika mbavu. Hunam alihisi damu imempanda masikioni. Amejivua nguo mbele ya mji mzima na mji hauamini hata uchi wake.

Yeonok akachukua kipaza sauti mkononi mwa Bwana Seok.

"Msimcheke. Anachosema dada ni kweli," akasema. "Ungo alivaa yeye. Mimi sikutumwa chumvi hata siku moja."

Kicheko kikakatika.

"Sasa mbona umejipiga wewe?" muuza samaki akauliza, maana huyo hana haya.

"Kwa sababu aliyekuwa akikojoa ni mimi."

Yeonok hakumtazama muuza samaki wala wageni. Alikuwa anamtazama dada yake.

"Nilikuwa na miaka sita. Nilikuwa nalala upande wa moto kwa sababu ni mdogo. Nikiamka nimelowa, bibi bado hajaamka. Dada alikuwa analala kama gogo. Nilikuwa nambiringisha taratibu, namleta upande wangu, juu ya maji, halafu mimi najivuta naenda upande wake wa ukutani penye baridi, najifunika, nafumba macho. Mara saba. Kisha namfuata nyuma njiani, na kila siku nasema leo nitasema. Sikusema. Nimejivika ule ungo kwa sababu ndio uliokuwa wangu."

Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa mkuu wa shule. Wakafuata wote. Kuna waliolia. Bibi Jinju alijipiga kofi gotini akasema, "Nilijua mimi, nilijua," ingawa hakujua kitu. Na makofi yale yote, mwaona, yalikwenda kwa Yeonok.

Hunam hakusikia mengi ya hayo. Alikuwa ameganda kwenye neno moja, upande wa moto. Kwa sababu asubuhi zile alizikumbuka. Kabla ya kelele za bibi, kabla ya ungo, kulikuwa na dakika chache za kuamka akiwa mahali penye joto, mgongo umelegea kama mtu aliyelazwa na mama yake. Hakuhisi unyevu mara moja, joto lilimshika kwanza. Na siku zote aliamini kwamba mdogo wake, kwa hiari yake, amempisha. Alikwishamsimulia hata mumewe, miaka yao ya mwanzo, mume alipomwuliza kama Yeonok amewahi kumfanyia wema wowote: alikuwa akinipisha mahali penye joto, alisema, mtoto wa miaka sita, anakwenda kulala kwenye ubaridi ili mimi nipate joto.

Bwana Seok alikuwa amemfikia, amechangamka, ameshika kalamu. "Mama Gyutae, hii imekuwa nzuri zaidi. Tubadilishe maandishi. Tuandike jina lako. Unataka tuandikeje? Sema wewe."

Watu wakasogea wamsikie. Ndicho alichokuja kukitafuta, na sasa anapewa mbele ya wote, na kalamu iko tayari. Hunam aliitazama ile picha: mwanamke mwenye nywele nyeupe, miguu peku juu ya barafu, ungo umemwinamisha. Kikojozi. Msanii anajikumbuka utotoni.

"Iacheni ilivyo," akasema. "Haina uongo. Ni yake."

Akatoka nje. Yeonok akamfuata mpaka kwenye ngazi za nyuma, ambako wapishi walikuwa wameegesha masanduku ya vinywaji. Walisimama hatua tano baina yao.

"Dada, nilitaka kukwambia kwenye simu, nikashindwa. Nikaona angalau nikisema mbele ya watu, sitakuwa na pa kujificha."

"Mbele ya watu umepigiwa makofi."

Yeonok akainamisha kichwa. Akapeleka kidole gumba mdomoni, akakumbuka, akakishusha. "Sikuyaomba. Nimekosa, Dada. Niambie nikupe nini."

"Una nini cha kunipa." Hunam alikuwa akivuta na kuachia ukanda wa kamera. "Nimekuonea wivu tangu siku uliyozaliwa. Jina, uso, Seoul, hadithi, vyote. Nikaona hili la ungo angalau ni langu, nikalipigania nikaumbuka, kumbe nalo ni lako. Haya, chukua. Kojo nimekusamehe. Mwiko wa Bibi Jinju nimekusamehe."

"Dada."

"Ngoja nimalize. Zile asubuhi nilikuwa naamka kwenye joto. Nilidhani umenipisha. Kila nilipotaka kukuchukia moja kwa moja, hilo ndilo lililokuwa likinizuia, nasema hapana, huyu alikuwa ananipisha mahali penye joto. Miaka arobaini na tisa, Yeonok. Sikuwa na jingine jema kutoka kwako. Hili nani alikuomba uniambie?"

Yeonok alikuwa analia bila sauti, mikono imelegea pembeni. Mlango ukafunguka, Bwana Seok akachungulia, akasema samahani, wageni wanasubiri picha ya pamoja na msanii, na mpiga picha ni mmoja tu.

Hunam akafuta lenzi kwa pindo la shati lake. "Jifute macho," akamwambia mdogo wake. "Ukitoka mwekundu watasema mimi sijui kazi." Wakaingia ndani, Yeonok akaenda kusimama chini ya ungo kati ya watu, na Hunam akarudi nyuma mpaka wote wakaenea kwenye picha.